Kijana wa Chuo Kikuu Afundishwa Kuandika

Wasomaji wengi watastaajabu wakisikia ya kuwa huko Marekani kijana aliyekisema Kiingereza tangu utoto, akakisoma shuleni miaka kumi na miwili, aingiapo chuo kikuu huketishwa tena darasani afundishwe kukiandika. Somo hilo ni la mwaka wa kwanza, na katika vyuo vingi hapana ruhusa ya kulikwepa, hata kwa yule atakaye kuwa mganga au mjenzi wa madaraja.

Mwaka 1874 Chuo Kikuu cha Harvard kilianza kuwadai wote walioomba kuingia waandike insha fupi ya Kiingereza. Wengi wakashindwa, hata waliotoka katika shule za sifa. Basi mwaka 1885 chuo kikaweka somo la uandishi kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na vyuo vingine vikafuata.

Kinachofundishwa hasa ni insha ya maelezo. Hiyo si hadithi, wala si hotuba ya kuwasha mioyo. Kazi yake ni kumfahamisha mtu jambo asilolijua. Yaonekana kazi nyepesi! Tuijaribu kwa mfano wa kwetu. Mwanafunzi aandika: «Mama huloweka mihogo michungu, huianika, kisha huitwanga.» Sisi tuliokua kwa ugali wa muhogo tumeelewa yote, kwa maana tuliyajua kabla yeye hajashika kalamu. Lakini mgeni atauliza: Mihogo yakaa majini siku ngapi? Na kwa nini? Asipoambiwa kwamba muhogo mchungu una sumu, na kwamba zile siku tatu au nne za majini ndizo ziiondoazo, wakati wa njaa ataona usiku mmoja watosha. Watu wa Kwango wanaijua konzo, ugonjwa uwapatao hasa watoto na wanawake, pale ambapo chakula ni karibu muhogo mtupu na tena haukulowekwa vya kutosha. Miguu hupooza, wala haiponi kabisa. Mwandishi aliyeacha sentensi moja amemwacha msomaji wake karibu na hatari hiyo.

Ndiyo sababu mwalimu mwema wa somo hili hatosheki na wino mwekundu. Hujiweka mahali pa mgeni, akauliza pembeni mwa karatasi: «Hapa wataka kusema nini? Jambo hili limetokana na nini?» Kisha insha humrudia mwenyewe, aiandike mara ya pili, pengine ya tatu. Wanafunzi wetu, waliozoea kutoa daftari na kungoja alama, wangedhani ni adhabu.

Mwaka 1970 vyuo vya mji wa New York vilifungua milango kwa kila kijana aliyemaliza shule ya sekondari mjini humo. Wakaingia wengi wa jamaa maskini, weusi, watu wa Puerto Rico na wana wa wahamiaji. Insha zao za kwanza zilijaa makosa, hata wakubwa wengine wakasema vijana hao hawafai kwa masomo ya juu. Mwalimu Mina Shaughnessy wa City College naye alikaa peke yake darasani, akazisoma na kuzisoma tena, asijue aanzie wapi. Hakuzitupa. Kwa miaka michache alichunguza insha kama 4,000, akaona ya kuwa makosa mengi yana akili yake: huyu ameshika kanuni nusu, akaitumia hata pasipotakiwa, yule anaandika jinsi watu wa mtaa wake wanavyosema, mwingine aandika maneno machache tu, kwa kuogopa kila neno lisimletee kosa jipya.

Mwaka 1976 aliwaandikia walimu wenzake kwamba siku zote huulizwa mwanafunzi ageuke namna gani, wala haiulizwi mwalimu ageuke namna gani. Kitabu chake juu ya makosa hayo kilitoka mwaka 1977, mwaka mmoja kabla hajafariki.