Ua lisilotaka kupanguswa

Kila siku ya posho asubuhi tunafagia chumba chetu cha sendika. Mmoja anashika fagio, mwingine anapanga viti, mwingine anapangusa meza. Kiangazi kilichopita, mwezi wa saba, mwenzetu mmoja mwenye bidii alimaliza meza, akaona ua lililokuwa dirishani limejaa vumbi, akachukua kitambaa chenye maji akalipangusa pia. Alipangusa jani moja moja, mbele na nyuma, sawa mtu anayeosha sahani za wageni. Tulimsifu. Siku ya kwanza, mama anayetuandikia barua, ambaye njo alileta ua lile kutoka Lubumbashi, aliingia akashika kichwa.

“Aa bababa! Mumeivua nguo!”

Kweli tulikuwa tumelivua. Mbele, majani yake yalikuwa na rangi ya kupoa, katikati ya majivu na waridi, kama kifua cha njiwa. Sasa yalikuwa ya kijani tupu, yanang'aa, na alama za vidole juu yake. Alama zile ziko mpaka leo kwenye majani ya chini. Haziondoki.

Tunaandika juu ya ua hili kwa sababu tunaliona sasa katika nyumba nyingi za Kolwezi, Dilala kama vile Manika, ndani ya kopo la maziwa ao bidoni iliyokatwa. Watoto wa yule mama wanaliita kashu, ni kusema shu ndogo, juu ya majani yake kujipanga duara kama shu inayoanza kufunga. Mdogo wao aliuliza kama linapikwa na mafuta. Hapana, halipikwi. Katika vitabu jina lake ni Echeveria. Kwao ni Meksiko na inchi za jirani mpaka Amerika ya Kusini. Mtaalamu de Candolle aliliandika jina hilo mwaka 1828 kwa heshima ya Atanasio Echeverría, fundi wa kuchora wa Meksiko aliyechora mimea ya inchi yake katika karne ya 18. Lina ndugu ambaye mnamjua: ule muti wa Madagaska ambao jani lake likianguka linaota vitoto pembeni pote. Ni jamaa moja, jamaa ya mimea inayoweka maji ndani ya majani.

Ule unga mweupe si uchafu. Ni nta, na ua lenyewe njo linaitengeneza. Inakinga jani na jua kali, inazuia maji kutoka, na tone la mvua likianguka juu yake linateleza. Ukiipangusa, jani lile halitengenezi ingine. Paka majani mapya yanayotoka katikati njo yanakuja na unga wao, na ya zamani yanabaki uchi mpaka yazeeke na kukauka. Kwa hiyo mwenye kashu anajifunza kuishika kwenye kopo, si kwenye majani. Wageni wanapenda kuifinya. Wakatazeni bila haya.

Jambo lingine litawafurahisha watu wa posti ya usiku. Mimea mingi inafungua vitundu vya majani mchana ili kuvuta hewa. Hii inafungua zaidi usiku, wakati kuna baridi, juu isipoteze maji, na mchana inajifunga. Inaingia kazini wakati wengine wanalala, kama sisi.

Sasa tuseme kosa letu la pili, kubwa kuliko la kitambaa. Mama alipotukatia vitoto viwili vilivyoota kando ya ua lake, alituambia tutafute udongo unaopitisha maji upesi. Mmoja wetu akafikiri: mchanga laini kuliko wote mu Kolwezi uko wapi? Akaenda kwenye kilima cha mabaki ya madini, akajaza mfuko. Ulikuwa mchanga mzuri kwa macho, mwepesi, wa rangi ya maziwa na chai. Tukapanda. Kiisha mwezi mmoja ua halikuwa limeongeza hata jani moja, majani ya chini yaligeuka manjano, na tulipolivuta lilitoka bila shida: mizizi ilikuwa mifupi, myeusi, kama nyuzi zilizoungua.

Watu wa mugodi, na hatukufikiri! Shaba ikizidi ndani ya udongo inaua mizizi. Tunaona jambo hilo tangu utoto kwenye vilima vyetu vya shaba, pahali miti inakataa kuota na kunabaki nyasi fupi na maua yasiyopatikana pengine. Lile ua la shaba, Haumaniastrum katangense, linavumilia udongo huo kiasi kwamba watafuta madini walilitumia kama alama, na wataalamu wa mambo ya kale wakalifuata ili wapate pahali wazee wetu waliyeyusha shaba zamani. Lakini lile limezaliwa hapa. Mgeni wa Meksiko hawezi.

Kwa hiyo, udongo: usichukue kwenye kilima cha mabaki, wala kandokando ya kiwanda, wala pa barabara ya malori. Usichukue mchanga wa bonde la Musonoie. Kule na Kingamyambo kulitupwa mabaki ya kiwanda cha kuosha madini kwa miaka mingi. Sisi sasa tunaleta udongo mweusi wa shamba la mbali, ule ule ambao mtu anaweza kulimia lengalenga bila wasiwasi, nusu ya kopo. Nusu ingine ni matofali ya kuchoma yaliyopondwa kwa ukubwa wa mbegu ya mahindi, pamoja na vipande vidogo vya makala ambavyo mama wa nyumba anabakiza chini ya mfuko. Kopo litobolewe chini, matundu matano ao sita, kwa msumari. Bidoni ya plastiki ni bora kuliko kopo la bati, juu bati linaoza kwa kutu.

Maji njo yanaua kashu nyingi kuliko kiu. Mtu anapenda ua lake, anarudi kutoka kazini, analimwagia, kesho tena. Lile ua limejaza majani yake kama vile sisi tunavyojaza bidoni siku REGIDESO inatoa maji. Ingiza kidole ndani ya udongo mpaka kiungo cha pili. Kikitoka na unyevu, uache. Kikitoka kikavu kabisa, mwaga maji mengi mpaka yatoke chini, kiisha usahau. Kiangazi, kwetu inakuwa karibu kila siku kumi ao kumi na mbili. Mwezi wa sita na wa saba, wakati wa baridi ya usiku, hata wiki mbili. Mwaga chini pa shina, si katikati ya ua, juu maji yakilala katika moyo wake unaoza. Jani likijikunja na kuwa laini, lina kiu. Likivimba na kuwa kama kioo chenye maji ndani, umelinywesha kupita kiasi.

Majira ya mvua, tangu mwezi wa kumi na moja mpaka wa tatu, liondoe kabisa kwenye mvua. Weka barazani chini ya bati, pahali penye mwanga na hewa. La kwanza la yule mama lilikufa mwezi wa kwanza, nje ya lupango, kiisha siku nne za mvua bila kukatika. Shina liligeuka uji.

Kwa jua, tukumbuke pahali tunaishi. Kolwezi iko karibu digri 11 kusini ya ikweta, kwenye urefu unaozidi meta 1400. Mwezi wa sita jua linapita upande wa kaskazini, na dirisha la kaskazini linapata mwanga siku nzima. Mwezi wa kumi na mbili linapita kusini, na dirisha lile lile linabaki na kivuli. Kwa hiyo ua linahamishwa mara mbili kwa mwaka. Likikosa mwanga linanyoosha shingo, majani yanaachana, rangi inapotea, na halirudi tena kuwa duara. Jua la asubuhi njo zuri. Lakini usilitoe ndani ya nyumba siku moja na kulitupa kwenye jua la mwezi wa tisa. Litaungua madoa ya kahawia. Ongeza saa moja, kiisha saa mbili, kwa siku kumi hivi.

Vidudu vyeupe kama pamba vikijificha kati ya majani, chovya kijiti chenye pamba ndani ya alkoli ya dawa, uviguse kimoja kimoja. Mwenzetu alitumia lutuku. Ilifanya kazi, lakini lutuku ya siku hizi wanaitia maji, basi huwezi kujua.

Turudi kwa vumbi, kwa sababu pale njo ua hili limetuingiza katika mambo ya sendika bila kutaka.

Rangi nzuri ya waridi inatoka katikati ya kiangazi, kwa jua kali la mchana na baridi ya usiku. Ni majira yale yale ambapo vumbi la Kolwezi linapanda mpaka kwenye meno. Na majani haya ya rangi ya kupoa hayafichi kitu. Mwezi wa nane tulikuwa na vitoto vitatu vya ua lile lile, vimepandwa upya katika udongo safi. Kimoja kilibaki chumbani kwetu. Cha pili kiliwekwa kwa mwenzetu, ndani ya nyumba, karibu na mlango, pahali anavua boti na salopeti akitoka mugodini. Cha tatu nyumba ile ile, dirisha la nyuma. Kiisha wiki tatu tuliviweka juu ya meza moja. Cha dirisha la nyuma kilikuwa na vumbi kiloko. Cha mlangoni kilikuwa chekundu kama kilichovingirishwa chini.

Hatukupima kitu. Jani si laboratwari; haliwezi kusema kama vumbi ni la barabara ao la mugodi. Lakini mke wa mwenzetu alitazama muda mrefu, kiisha akasema: “Kama iko hivi pa jani, pa mukeka batoto banalala iko ginsi gani?”

Hakuna aliyemjibu. Wengine wetu tunatoka Kasulo, pahali mtu alichimba katika lupango lake mwaka 2014 akakuta madini ya kobalti chini ya nyumba, na mtaa mzima ukageuka mashimo. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walipima watu wa pale, na mwaka 2018 walitangaza kwamba kobalti katika damu na mkojo wao ilikuwa juu kupita ya watu wa mtaa mwingine ambao hawachimbi, na zaidi kwa watoto. Na inchi zingine zina historia ya wake waliougua kwa kufua tu nguo za bwana zao waliofanya kazi ya amianto. Hawakuingia kiwandani hata siku moja.

Sheria yetu ya Kazi, namba 015/2002 ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002, inaweka kamati ya usalama, ya usafi na ya kupendezesha pahali pa kazi. Maneno matatu. Kwa lile la tatu hatujapata shida: mawe yanapakwa chokaa, maua yanapandwa mbele ya ofisi, picha inapigwa. Sisi tumeomba la pili: bafu inayofanya kazi, pahali pa kuacha nguo, na salopeti zifuliwe kule kule kazini. Si ndoto zetu. Mkataba 176 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1995, unataja waziwazi pahali pa kuoga, pa kubadilisha nguo na pa kula kwa wachimba migodi. Barua yetu ya kwanza ilijibiwa kwamba bajeti imefungwa. Ya pili tunangojea. Safari ijayo tutaingia mkutanoni na makopo mawili, la mlangoni na la nyuma, tuyaweke mezani pamoja na karatasi.

Wakati tunangojea, nyumba ya mwenzetu imebadilika. Boti zinabaki nje. Salopeti haikung'utwi, inaingia ndani ya mfuko, kiisha ndani ya bafu yake peke yake, haichanganywi na nguo za watoto, na maji yake hayamwagwi pa bilanga ya mboga. Sakafu inapanguswa na kitambaa chenye maji pahali pa kufagia kavu. Hivyo kitambaa cha maji, kilichoharibu ua letu, kimepata kazi yake ya kweli.

Na kashu yenyewe ikijaa vumbi? Puliza kwa pumzi, ao tumia burashi laini kavu ya kupaka rangi, kidogo kidogo. Likigoma, mwagia maji safi asubuhi kwa urahisi, uinamishe kopo ili yatoke katikati, uache likauke penye hewa. Usisugue.

Kuliongeza ni rahisi. Shika jani la chini lenye afya, ulisukume kushoto na kulia mpaka likatike zima na kitako chake. Likikatikia katikati, halitaota. Liweke kivulini siku tatu ao nne mpaka kidonda kikauke, kiisha lilaze juu ya udongo mkavu, usilizike. Kiisha wiki kadhaa utaona nyuzi za mizizi, na pembeni yake ua dogo kama kifungo cha shati. Hapo njo unaanza kunyunyizia kiloko.

Leo tuna majani 14 yaliyolazwa juu ya gazeti hili hili, toleo la mwezi uliopita, dirishani kwetu. Tisa yameota. Mwenye kutaka aje siku ya posho, wakati wa kufagia, na kopo lake. Liwe limetobolewa; kopo lisilo na matundu tunalirudisha na mwenyewe.