Kuifuata Familia ya Kiholanzi Hadi Marekani
Sehemu ya Pili: Kwanza Kijiji

Wiki iliyopita tuliona sababu za Waholanzi kuhama katikati ya karne ya 19. Waumini waliojitenga na kanisa kuu kuanzia mwaka 1834 walitozwa faini na wengine wakafungwa. Kisha mwaka 1845 viazi vikaoza mashambani. Mwaka 1847 Mchungaji Albertus van Raalte alianzisha mji wa Holland, Michigan, na mwenzake Hendrik Scholte akaanzisha Pella, Iowa. Leo tuangalie vitukuu vyao wanavyoutafuta ukoo.

Mtafiti huanzia alipo, akarudi nyuma kizazi kwa kizazi: cheti cha kifo, daftari la kanisa, jiwe la kaburi. Anachokisaka humo ni jina la kijiji. Kujua kwamba babu alitoka Uholanzi hakumfikishi mbali, kwa kuwa huko vizazi, ndoa na vifo viliandikishwa katika kila manispaa, na akina Jan de Vries walikuwa tele.

Majina nayo yalibadilika: Jan akawa John, Dijkstra akawa Dykstra. Wengi huwalaumu makarani wa Ellis Island, lakini kituo hicho kilifunguliwa mwaka 1892, na makarani wake walifuata orodha zilizokwisha kuandikwa na kampuni za meli. Waliobadilisha majina, mara nyingi, ni wahamiaji wenyewe walipokwisha kutulia.

Kijiji kikijulikana, milango hufunguka. Uandikishaji wa serikali ulienea Uholanzi mwaka 1811, chini ya Napoleon, na ndani yake mwanamke hubaki na jina la ukoo wake hata baada ya kuolewa. Kwa hiyo upande wa mama haupotei. Hazina kubwa zaidi ni viambatisho vya ndoa. Maharusi walipeleka nakala za vyeti vyao vya kuzaliwa, vyeti vya vifo vya wazazi waliofariki, na bwana harusi alithibitisha kuwa suala lake la utumishi jeshini limekwisha. Harusi moja hukupa vizazi viwili.

Halafu kuna orodha za wahamaji, zilizoanza mwishoni mwa miaka ya 1840. Karani aliandika jina la mkuu wa kaya, umri, kazi, dhehebu, hali yake ya kipato, idadi ya watoto, anakokwenda na, la thamani kuliko yote, sababu ya kuondoka. Mkulima ambaye hakuacha hata barua moja anatuachia humo angalau neno moja la nia yake.

Lakini jina kufanana si ushahidi. Linganisha kaya nzima na sensa ya Marekani ya mwaka 1850, ya kwanza kutaja majina ya watu wote huru wa kaya. Na familia ikikosekana, usidhani karani alikosea. Tarehe 21 Novemba 1847 meli Phoenix iliteketea katika Ziwa Michigan, karibu na Sheboygan, ikiwa imejaa Waholanzi. Zaidi ya mia moja walikufa. Kaya nyingine zimo katika kumbukumbu za nyumbani tu. Hao pia ni ukoo, na mtafiti mwadilifu huwaandika katika mti wake kama alivyowaandika waliofika.

Wiki ijayo: orodha za abiria na jinsi ya kuzisoma.