Miaka Mitatu ya Futi na Mkasi

Swali ninaloulizwa kuliko yote hapa chuoni ni hili: "Kwani nyie watu wa mitindo mnasomea nini hasa? Kushona si mtu anajifunza tu kwa fundi mtaani?" Mjomba wangu aliniuliza hivyo hivyo siku nilipopata nafasi ya chuo, tena mbele ya mama, ambaye ni fundi. Mama hakujibu, aliendelea kukanyaga cherehani yake. Mimi ndiye niliyejibu, kwa maneno mengi ya kujitapa. Leo niko mwaka wa tatu, namalizia, na kiukweli jibu lile lilikuwa la hewani. Naomba nijibu upya.

Mwaka wa kwanza nilidhani ubunifu ni kuchora. Nilijaza madaftari ya warembo wenye miguu mirefu kama twiga. Kumbe mchoro wa mitindo una ujanja wake. Binadamu wa kawaida, ukimpima kwa urefu wa kichwa chake mwenyewe, anafikia kama vichwa 7 na nusu. Yule wa kwenye mchoro huchorwa vichwa 9, na sehemu kubwa ya ziada inawekwa miguuni. Karatasini anapendeza sana, ila kwenye foleni ya chakula hapa chuoni humwoni.

Bumu lilipotoka nikakimbilia Kariakoo, nikanunua satini, nikamshonea rafiki yangu wa chumbani gauni la kuvaa kwenye harusi ya dada yake. Kifua chake kilikuwa sentimita 92, nami nikakata ili gauni liishe na sentimita 92 kamili. Alipolivaa akiwa amesimama, chumba kizima kilipiga vigelegele. Alipokaa kitandani avae viatu, zipu ikaachia. Akaenda harusini na gauni la kuazima.

Kosa langu lilikuwa la hesabu tu. Kitambaa kisichovutika lazima kiachiwe nafasi. Juu ya kipimo cha mwili unaongeza sentimita kadhaa, ili mtu apumue, ainue mkono, ale ashibe. Upana wa kushonea ni hesabu nyingine, huo unaongezwa kando. Nilimpigia mama simu karibu nalia. Akaniuliza, "Ulimpima amesimama?" Nikasema ndiyo mama. "Na harusini alikuwa anakwenda kusimama tu?" Nilikata simu nimenuna. Swali lile sikulielewa vizuri mpaka miaka miwili baadaye.

Mwaka wa pili ulikuwa wa kitambaa. Nguo iliyofumwa ina nyuzi za urefu, yaani mtande, na nyuzi za kupita, yaani mshindio. Chukua kipande cha pamba ukivute kwa urefu: hakikupi kitu. Kivute kwa mshazari, kona kwa kona: kinanyumbuka. Madeleine Vionnet alijijengea jina Paris miaka ya 1920 kwa magauni ya kukata kwa mshazari, yanayofuata mwili bila kubana. Mimi nilikuwa nimeshona miaka yote hiyo bila kujua kwa nini sketi moja inaning'inia vizuri na nyingine inajisokota.

Kanga nayo ilinifundisha adabu. Nilinunua doti Mtaa wa Uhuru, nikaifanya shati kwa haraka zangu. Sasa kanga ina mpangilio wake: pindo pande zote nne, mji katikati, na jina lake chini. Mimi nilikata kama nakata kitambaa cha mita. Siku ya kuwasilisha kazi, jina likaonekana nusu mgongoni na nusu kwapani, tena kichwa chini miguu juu. Mwalimu akatazama kimya, akasema, "Huyu alikuwa anataka kusema kitu, umemziba mdomo." Darasa lilicheka mpaka nikatamani kutoka. Tangu siku hiyo natandika kitambaa sakafuni na kukizunguka kwanza, ndipo nashika mkasi.

Ndipo pia nilipojifunza kuheshimu marekani, ile pamba ya bei rahisi isiyotiwa rangi. Jina lake ni la zamani: karne ya 19 pamba ya namna hiyo ililetwa Zanzibar na meli za wafanyabiashara wa Marekani, na jina likabaki. Sisi tunaitumia kwa nguo ya majaribio. Unashona kwanza kwa marekani, unamvalisha mtu, unachora makosa juu yake kwa kalamu, ndipo unakata kitambaa chenyewe. Ningejua hilo mapema, satini yangu ingepona.

Mwaka wa tatu kila mmoja alitakiwa kufanya mradi. Wenzangu wengi walichagua nguo za jukwaani, na si vibaya; tangu Mustafa Hassanali aanzishe Swahili Fashion Week mwaka 2008, wengi wetu tumekua tukiota kufika pale. Mimi pia nilikuwa na ndoto hiyo. Lakini hosteli yetu kuna dada anasoma Sheria, anatumia kiti mwendo. Siku moja alirudi kutoka kwenye mahakama ya mazoezi amekasirika. Nikamuuliza, dada, mmeshindwa? Akasema, "Tumeshinda. Ila muda wote nilikuwa navuta koti chini na suruali juu. Majaji walidhani nina wasiwasi."

Hapo swali la mama likanirudia. Suti ile ilikatwa kwa mtu aliyesimama. Ukikaa, nyuma ya suruali inahitaji kupanda zaidi na mbele kupungua, la sivyo nyuma inateremka na mbele inajikusanya tumboni. Mifuko ya nyuma na mishono minene ya makalioni ni hatari kwa mtu anayekaa kutwa, maana inaweza kumsababishia vidonda. Koti likiwa refu linajikunja mapajani. Mikono ikiwa mipana inasugua magurudumu na kuchafuka.

Nikampima amekaa: kiuno mpaka kwenye kiti, nyonga mpaka goti, goti mpaka kisigino. Nikashona koti la marekani. Akalivaa, akasukuma magurudumu mara moja tu, mgongo ukachanika praaa! kwenye korido. Tulicheka sana, lakini usiku sikulala. Nilikuwa nimempima amekaa, ila ametulia. Yeye mikono yake ndiyo miguu yake. Kila anaposukuma, mgongo unatanuka. Nikarudia, safari hii nikaweka marinda mawili nyuma ya mabega, yanayofunguka akisukuma na kujifunga akitulia. Marekani ya tatu ndiyo ilikubali. Mifuko ya suruali nikaihamishia juu ya mapaja, anapofikia.

Siku ya shindano lililofuata nilikaa nyuma kabisa ukumbini. Hoja zenyewe sikuzielewa hata moja. Nilikuwa nahesabu ni mara ngapi atagusa koti. Aligusa mara moja, mwanzoni, kwa mazoea, kisha akasahau kabisa kama amelivaa.

Kwa hiyo wadogo zangu wa mwaka wa kwanza, kuchora chora tu, ni kuzuri. Ila nunua marekani kabla ya satini. Usitupe nguo zilizoharibika, mimi zangu ziko kwenye boksi chini ya kitanda na bado zinanifundisha. Na kabla hujampima mtu, muulize siku yake inakwendaje.

Likizo iliyopita mjomba aliniuliza tena, "Sasa wewe ni nani, mbunifu au fundi?" Nikamwambia, fundi, mjomba, shikamoo. Mama alicheka, akaniachia cherehani nimalizie sare ya shule ya mtoto wa jirani. Kabla sijaanza nikamwita yule mtoto, nikamwambia achuchumae.