Wanyang'anyi wa Ng'ambo ya Manda

Kati ya kisiwa cha Manda na bara pana mlango mwembamba wa bahari uitwao Mkanda. Maji yakipwa, vyombo havina budi kungoja. Katika karne ya 19 mlango huo ulikuwa kama mpaka wa dola mbili: visiwani amri ilikuwa ya Seyyid wa Unguja, lakini ng'ambo ya pili mwitu ulikuwa na wenyewe.

Mkuu wao alikuwa Ahmed, aliyeitwa Simba, Mnabahani wa ukoo wa wafalme wa Pate, ambaye aliukimbia utawala wa Unguja akajenga mji wake Witu. Wengi wakamfuata, hasa watoro, yaani watumwa waliotoroka mashambani kwa mabwana zao. Kutoka huko makundi yalitokea kuteka watu na kupora mazao katika mashamba ya watu wa Lamu yaliyokuwa bara. Unguja waliitwa wote wanyang'anyi. Lakini mtoro angekwenda wapi? Na kwa Wanabahani, mnyang'anyi alikuwa Seyyid mwenyewe.

Mwaka 1885 Seyyid Barghash alipeleka askari kumkomesha Simba. Simba akaomba himaya ya Wadachi, akapewa mwezi wa Mei. Mwezi wa Agosti manowari za Kidachi zikatia nanga mbele ya mji wa Unguja, na Seyyid akakubali shingo upande. Tangu hapo waporaji walikuwa na ngao ambayo askari wake hawakuweza kuipita. Hata Manda ikagombewa: mwaka 1889 Seyyid Khalifa aliwapa Waingereza wa Kampuni kisiwa hicho pamoja na Pate, Wadachi wakapinga. Shauri likamalizika Ulaya, kwa mkataba wa 1 Julai 1890, ambao Wadachi waliacha madai yao yote ya huko.

Septemba mwaka ule ule Wadachi kadhaa waliuawa Witu, zamani za Fumo Bakari, aliyemrithi Simba. Oktoba Admirali Fremantle akauteketeza mji. Wafuasi wakaingia ndani zaidi ya mwitu, wakajizungushia maboma ya magogo huko Pumwani na Jongeni, wakaendelea na uporaji chini ya Fumo Omari. Kampuni ikachoka ikaondoka. Mwisho wa Julai 1893 bendera ya Seyyid ilipandishwa Witu, na mwezi uliofuata mabaharia wa Kiingereza pamoja na askari wa Unguja wakayavunja maboma hayo mawili.

Watoro walibaki watoro mpaka 1907, sheria ilipoacha kuutambua utumwa katika pwani ya Kenya.