Fimbo ya Mbele Iliyotuliza Mkia wa Gari

Kasoro ilikuwa nyuma, dawa ikafungwa mbele. Kampuni ya General Motors ilipotoa Chevrolet Corvair ya mwaka 1964, kila gari lilikuwa na fimbo ya chuma chini ya pua yake, imelala kutoka gurudumu moja la mbele hadi la pili, ncha zake zimekunjwa. Corvair za 1960 hadi 1963 zilitoka kiwandani bila fimbo hiyo, isipokuwa zile ambazo wanunuzi waliilipia kama nyongeza. Lakini sehemu iliyosumbua magari hayo ilikuwa mkia. Kwa nini basi fimbo ifungwe mbele?

Fimbo yenyewe si ngeni. Stephen Coleman wa mji wa Fredericton, Kanada, alipewa hataza yake mwaka 1919. Gereji za Afrika Mashariki zinaiita stabilaiza, na madereva wengi huijua kwa kelele tu: gari likipanda tuta kwa gurudumu moja, chini panagonga ko, ko, fundi anaingia uvunguni, anatikisa, anatoka na jibu kwamba linki zimeisha. Linki ni vijiti vifupi vinavyounganisha ncha za fimbo na magurudumu. Katikati, fimbo imeshikwa kwenye gari kwa bushi mbili za mpira, na ndani ya bushi hizo inaweza kuzunguka.

Aliyewahi kukamua kanga iliyolowa anaijua kazi yake tayari. Mikono yote miwili ikizungusha kanga upande mmoja, kanga inazunguka tu wala haikamuki. Mkono mmoja ukienda mbele na mwingine ukirudi nyuma, kanga inasokotwa, na mikono inahisi inavyokaza. Vivyo hivyo, magurudumu mawili yakipanda tuta kwa pamoja, stabilaiza inazunguka ndani ya bushi zake na kuziachia springi na shokapu kazi yote. Lakini gari likikata kona kwa kasi, bodi inalala upande wa nje: springi za upande huo zinabonyea, za upande wa ndani zinanyooka. Ncha moja ya fimbo inapanda, nyingine inashuka, fimbo inasokotwa. Chuma cha springi kikisokotwa hung'ang'ania kurudi kilivyokuwa, na mng'ang'anio huo ndio unaoinua upande uliolala na kuushusha ulioinuka.

Unene wa fimbo una nguvu ambayo jicho haliwezi kuikisia. Ugumu wa chuma dhidi ya msokoto hukua kwa kipenyo kilichozidishwa chenyewe mara nne. Fimbo ya milimita 20 ikibadilishwa kwa ya milimita 22, tofauti ambayo mtu angeipuuza akiishika mkononi, ugumu unapanda kwa asilimia 46. Kanuni hiyo hiyo inaruhusu fimbo kuwa na uwazi kama bomba: ukitoa kiini chenye nusu ya kipenyo, unapunguza robo nzima ya uzito, na ugumu unaopotea ni sehemu moja tu kati ya 16.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Gari lisilolala huonekana limeishika barabara, kwa hiyo watu husema stabilaiza inaongeza mshiko wa matairi. Haiongezi. Kwenye kona, mzigo lazima uhame kutoka matairi ya ndani kwenda ya nje, na kiasi kinachohama huamuliwa na uzito wa gari, kimo cha kitovu cha uzito huo, upana kati ya magurudumu na ukali wa kona. Fimbo haiwezi kuukataa mzigo huo. Inachoamua ni sehemu kubwa zaidi ya uhamisho ibebwe na nani: matairi ya mbele au ya nyuma.

Uamuzi huo una gharama, kwa sababu ya tabia moja ya mpira. Tairi likiongezewa mzigo mara mbili, mshiko wake huongezeka, lakini haufiki mara mbili. Tuseme matairi mawili ya mbele yamebeba kilo 300 kila moja. Kona ikiyageuza kuwa 500 na 100, jumla bado ni 600, ila mshiko wa yote mawili kwa pamoja umepungua. Kwa hiyo sehemu ya gari, mbele au nyuma, yenye stabilaiza ngumu zaidi ndiyo inayotangulia kuishiwa mshiko. Fimbo ya mbele huifanya mbele itangulie kuteleza.

Na hilo ndilo Corvair ililohitaji. Injini yake ya silinda sita, iliyopozwa kwa hewa, ilikaa nyuma kabisa, na zaidi ya asilimia 60 ya uzito ililalia huko. Kila gurudumu la nyuma lilikuwa kwenye nusu ya ekseli yenye kiungo kimoja tu, kando ya difu. Kona ikiwa kali mno, mkia uliweza kuinuka, gurudumu la nje likajikunja chini ya gari na kukanyaga kwa ukingo wa tairi. Gari linaloteleza mbele hukataa kukunja kona. Dereva akipunguza kasi kwa kawaida usukani unamrudia. Linaloteleza nyuma hujizungusha, mkia ukitaka kutangulia, na dereva wa kawaida hana muda wa kulirudisha.

Kabla ya 1964 kampuni ilitegemea upepo wa matairi: PSI 15 mbele, 26 nyuma. Tairi lenye upepo mdogo hulegea mapema kwenye kona, kwa hiyo mbele ingetangulia kuteleza, kama ambavyo fimbo ingefanya. Hesabu ilikuwa sahihi, lakini usalama wa familia nzima uliwekwa mikononi mwa mtu wa kujaza upepo, ambaye alizoea kujaza magurudumu yote karibu sawa. Mwanasheria Ralph Nader aliifanya Corvair kuwa sura ya kwanza ya kitabu chake, Unsafe at Any Speed, mwaka 1965, na Septemba 1966 Marekani ikapata sheria ya taifa ya usalama wa magari. Haki inadai kusema pia kwamba uchunguzi wa serikali uliochapishwa 1972 uliona Corvair za mwanzo hazikuwa mbaya kuliko magari mengine ya enzi zake.

Stabilaiza ina bei yake. Kwa kuwa imeyafunga magurudumu mawili pamoja, shimo la upande mmoja husikika hadi upande wa pili, na kwenye makorongo gurudumu linaweza kuning'inia hewani. Ndiyo maana Jeep Wrangler Rubicon ina swichi ya kuachanisha fimbo ya mbele, na baadhi ya Land Cruiser zina mfumo wa mafuta ya haidroliki unaoilegeza kwenye ardhi mbaya.

Fimbo inahitaji mikono yake yote miwili. Linki moja ikikatika, stabilaiza nzima inaacha kazi, hata kama linki ya pili ni mpya. Kwenye gari lenye stabilaiza mbele na nyuma, anayefungua ya mbele ili kunyamazisha ile ko, ko anaiacha ya nyuma peke yake, na kwenye kona ya dharura, barabara ikiwa imelowa, mkia ndio utakaotangulia kuachia.