Majani ya Mayi Katika Kiziba cha Samaki



Wengi wanatuuliza, sisi wa kiziba cha samaki, sababu gani kila siku ya posho tunarudi na udongo mpaka magoti. Tuseme bila kuficha: ubaya huu tuliuleta sisi wenyewe. Mwanzo wa mwezi wa 11 mwenzetu mmoja alileta jasenti ya mayi, mimea 3 tu, ndani ya bidoni. Ua lake ni zuri sana, rangi ya zambarau. Tukasema kiziba kitapendeza. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mwalimu wa biolojia.

Jasenti haishiki udongo, inaelea. Shina lake limevimba sawa puto. Kila mmea unatoa kamba upande, na ku mwisho wa kamba iko mtoto. Mahali pa joto, penye mayi ya samadi, inaweza kuongezeka mara mbili kwa majuma 2 hivi. Fanyeni hesabu: 3, kisha 6, 12, 24, 48, 96, na kisha majuma 12 ni 192. Na sisi kila juma tulimwaga samadi ya kuku ili samaki wanenepe! Kumbe tulikuwa tunalisha adui.

Kiziba kikifunikwa, mwangaza haufiki chini. Vijani vidogo vya ndani vinavyotoa oksijeni vinakufa, na majani ya zamani yanaoza na kula oksijeni ile inayobaki. Asubuhi moja tulikuta tilapia wote juu, midomo wazi. Kwa siku 2 tulitoa 41 waliokufa. Ilikuwa chakula cha internat, basi wenzetu wa internat mtusamehe.

Hapo ndipo ubishi ulianza. Wengine walisema: tuyasukume yote katika kijito, mayi yayabebe, kazi imekwisha. Sisi tulikataa. Kijito kinakwenda Lualaba, na Lualaba inapita Bukama na kuingia maziwa ya Upemba, kule kunakotoka samaki wengi wakavu tunaonunua sokoni. Jasenti ilitoka Amerika ya Kusini. Miaka ya 1950 ilijaza mto Kongo mpaka mashua zilipata taabu kupita. Serikali ya Wabelgiji ilimwaga dawa ya sumu, lakini hata leo iko. Katika ziwa Victoria, upande wa Uganda, ilionekana 1989. Wavuvi walishindwa kutoa mitumbwi. Kilichosaidia sana ni mdudu mdogo anayeitwa Neochetina: mkubwa anatafuna majani, mtoto wake anatoboa shina. Uganda walianza kumwachilia 1995, Kenya 1997.

Na msifikiri ni mambo ya mayi matamu tu. Ulaya watu wanafuga samaki wa bahari ndani ya sanduku la kioo, na wanapamba kwa majani ya bahari. Jani moja la namna ile, Caulerpa, lilionekana baharini mbele ya Monaco 1984, karibu na nyumba ya samaki, kisha likaenea ku bahari ya Mediterania. California walilikuta mwaka 2000. Wao waliwahi: walifunika kila fungu kwa plastiki na kutia klorini chini yake, na mwaka 2006 wakatangaza kwamba limekwisha. Kuwahi ndiyo siri yao.

Sisi hatukutaka sumu. Sumu inaua yote mara moja, majani yanaozea ndani, na samaki wanakufa zaidi. Tunavuta kwa mkono, robo ya kiziba kwa siku, na mizizi yake, bila kukata, maana kipande chenye kichipukizi kinaota tena. Tunayatandaza mbali na kijito, juu ya mahali pakavu, mpaka yakauke kabisa. Kisha yanaingia katika mbolea ya bustani. Samadi tumesimamisha kwanza.

Mbegu zake zinaweza kulala katika matope miaka mingi, kwa hiyo kila juma tunapita kutafuta vitoto. Juma lililopita tulipata 7. Mwenye ndoo nzima aje nayo siku ya posho, saa mbili asubuhi; zetu mbili zimetoboka.