Je, Nyimbo za Wasomali wa Kenya ni za Krioli?

Msikilizaji asikiapo Kisomali, Kiswahili na Kiingereza vikifuatana katika wimbo mmoja wa vijana wa Garissa au wa Eastleigh, ni mwepesi wa kusema kwamba hiyo ni krioli. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa jina hilo halifai, na kwamba kosa lenyewe si dogo.

Krioli huzaliwa pale watu wa ndimi mbalimbali wanapokusanywa pamoja, wakaunda pijini ya kuelewana, na watoto wao wakaipokea kuwa lugha mama. Kenya inayo lugha ya namna hiyo, nayo ni Kinubi cha Kibera, kilichotokana na Kiarabu cha askari wa Sudan. Bernd Heine alikieleza katika kitabu chake cha mwaka 1982. Katika Kinubi, kitenzi hakibadiliki kwa nafsi: ana gi-rua (ninakwenda), ita gi-rua (unakwenda), uo gi-rua (anakwenda). Nyimbo za doluka ziimbwazo katika harusi za Wanubi ndizo zinazostahili kuitwa nyimbo za krioli.

Tulinganishe na Kisomali: waan tagayaa, waad tagaysaa, wuu tagayaa. Hapa nafsi ya pili imekibadili kitenzi chenyewe. Kundi la Waayaha Cusub, lililoanzishwa Eastleigh mwaka 2004 na vijana ambao wengi wao walikuwa wakimbizi wa Somalia, limeimba kwa Kisomali, Kiswahili na Kiingereza. Mwimbaji wa namna hii huhama kutoka lugha moja hadi nyingine, na kila lugha hubaki na sarufi yake. Huo ni ujuzi wa lugha nyingi. Hapajazaliwa lugha mpya.

Aidha, maneno yanayofanana yasitupoteze. Kitabu na kitaab, wakati na waqti, saa na saacad hayathibitishi kwamba Kiswahili na Kisomali vimeyeyushwa pamoja. Kila lugha iliyapokea kutoka Kiarabu kwa njia yake.

Kwa nini jambo hili lina uzito? Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walitakiwa kuthibitisha uraia wao, na waliokubaliwa wakapewa kadi maalumu ambazo raia wengine hawakudaiwa. Kwa watu waliokwisha kuulizwa wao ni akina nani, kuambiwa kuwa hawana lugha kamili ila mchanganyiko ni kuulizwa mara ya pili. Kundi la Gargar, la wanawake wa Garissa, huimba kwa Kisomali na ni la Kenya vilevile. Kiswahili cha kijana wa huko nacho hakimpunguzii Usomali wake.

Hivyo basi, mtafiti na aandike kwanza maneno ya wimbo, achambue vitenzi na upatanisho wa ngeli, ndipo aipe lugha hiyo jina.